Upawa wa Uji

Baada ya ibada, Tekla aligawa uji kwenye ua wa kanisa, kama wajane walivyozoea kila Jumapili. Gervasi alipofika mbele na kikombe chake, upawa ukabaki hewani. Huyu ndiye aliyechoma nyumba ya Tekla, mumewe akiwa ndani. Alikuwa ametoka gerezani juzi.

"Mama, nisamehe."

"Sisemi na wewe. Nasema na Mungu. Alikuona umeshika kiberiti. Kwa nini hakukushika mkono?"

"Aliniambia niache, mama. Nilimsikia vizuri. Nikawasha."

"Kukuambia tu? Mtoto akisogelea moto, mimi simwambii. Namvuta."

"Tekla, gawa basi," mwanamke mmoja alisema kutoka kwenye foleni. "Uji umeshaombewa, au unauombea tena?"

Uji ulikuwa bado unatokota. Mkono wa Gervasi ulioshika kikombe ulikuwa chini ya upawa. Tekla aliuinamisha kidogo, kuelekea vile vidole. Akasikia moyoni neno moja, wazi kabisa: acha. Akangoja ashikwe mkono.

Hakushikwa. Mvuke ulipanda katikati yao, na upawa ulikuwa bado umeinama.