Mzee Apewe Kiti

Jeneza lilipotuliwa kando ya kaburi, Shomari alivua viatu na kukunja suruali. Miaka yote yeye ndiye aliyeshuka kupokea maiti za mtaa wao, na leo aliyelala jenezani alikuwa Kibwana, rafiki yake tangu utotoni. Waliahidiana kwamba atakayebaki atamlaza mwenzake kwa mikono yake.

Kijana mmoja akamshika kiwiko. "Babu, tuachie sisi. Utaumia."

"Babu wa nani? Nashuka mimi."

Lakini vijana wawili walikuwa wameshashuka. "Mzee apewe kiti jamani," mtu akasema kwa heshima zote, na kiti cha plastiki kikapitishwa juu ya vichwa vya watu.

Shomari akakaa, miguu peku. Akaiona sanda ikipokewa na mikono asiyoijua.

"Mlazeni taratibu," akasema. "Bega la kulia linamuuma."

Hakuna aliyemsikia.

Ulipofika wakati wa kutia udongo, wakamletea wake palepale kitini, asihangaike kuinuka. Akaufumbata. Dua ikasomwa, ikaisha, watu wakaanza kuondoka, na ngumi yake ilikuwa bado haijafunguka.