Kinyonga Aliyemlinda Okidi

Hapo kale, katika msitu wa mlimani, aliishi Kinyonga mwenye wivu. Alimpenda Okidi, ua jeupe lililoota juu ya mti, la pekee upande ule wa mlima, akaapa kwamba hakuna mdudu atakayemgusa. Jioni moja akaja Nondo mwenye ulimi mrefu kama uzi. Kabla hajatua, Kinyonga alimdaka akammeza.

“Kaka, nimesikia mbawa,” alisema Okidi.

“Ni upepo tu, dada.”

“Ukimwona Nondo, mpishe. Asali yangu iko chini kabisa ya mrija, na ulimi wake peke yake ndio unaoifikia. Asiponiletea chavua kutoka kwa okidi wa ng’ambo ya bonde, sitapata mbegu.”

“Nondo wengine je?”

“Amebaki huyo mmoja.”

Kinyonga alihisi chavua ikimkwama kooni. Tangu hapo, kila jioni Okidi aliuliza kama mgeni amefika, naye akajibu, “Bado, dada, yuko njiani.”

Siku ya tisa ua lilinyauka, likadondoka bila kuacha hata mbegu moja. Kinyonga akabaki pale tawini, hana tena wa kumdanganya.