Bustani Aliyoisifu Hondohondo

Asiyetaka kuamini asiamini, wabishi hawakosekani: Hondohondo alizunguka nchi nzima kwa mabawa yake mwenyewe akihimiza wanyama walime bustani za pamoja, na vijiji kumi na viwili vikalima. Jembe hakushika hata siku moja. Kazi yake ilikuwa mdomo, na mdomo alijaliwa.

Kila alipotua alisimulia bustani ya kwao. "Nungunungu anachimba, Kanga anadonoa viwavi, jioni tunakula kunde za tuta moja, wala hakuna wa kuuliza hizi za nani. Mpaka leo nikinusa udongo uliolowa, moyo hunienda kule." Hapo hakuwa akiigiza, maana aliikumbuka kweli.

Katika kijiji cha kumi na tatu, ukame ulikuwa umebakiza kibuyu kimoja tu cha mbegu. Kwa utamu wa maneno yake wakazipanda zote. Kisha Bibi Fuko, mtunza kibuyu, akamgeukia.

"Mjukuu wangu, huku kwetu zamu ya kwanza ya kumwagilia hupewa mgeni. Ukizembea, hatuna mbegu nyingine."

"Mie wa kusifu tu, bibi."

"Utasifu huku unachota."

Hondohondo akaitazama ndoo, akayatazama matuta.

"Bibi, kuna kipande huwa nakiruka," akasema polepole. "Bustani ya kwetu haipo tena. Ilikauka wiki ya zamu yangu. Nilikuwa juu ya mti, naisifu."