Mguu Juu ya Breki

Bampa lilikuwa limenyooka na rangi imekauka, lakini Salome, mwenye gereji ya kunyoosha bodi pale Chanji, alikuwa bado ameshika ufunguo.

"Kifaa cha mbele kimepasuka, mwalimu," alimwambia mteja. "Ndicho kinacholifanya gari lifunge breki lenyewe. Kipya mpaka kitoke Dar."

"Izime tu hiyo taa ya onyo, fundi. Kesho mke wangu analipeleka Mollo."

"Ameanza lini kuendesha?"

"Juzijuzi. Amejifunzia gari hilihili."

Wapo mafundi mjini ambao wangeizima taa bila neno, na Salome aliwajua. Aliweka boksi tupu katikati ya uwanja, akampa mwalimu ufunguo.

"Mkeo amezoea gari lisimame lenyewe. Liendee boksi polepole. Usikanyage breki mpaka nikwambie."

Gari lilisogea. Mguu wa mwalimu ulibaki umeinuka juu ya breki. Boksi lilipondeka chini ya bampa.

"Kanyaga," alisema Salome.

Mwalimu alishuka, akampigia mkewe. "Kesho panda bodaboda," alisema. Alipoulizwa sababu, alimgeukia fundi.

Salome akanyoosha mkono kuichukua simu, amweleze yeye.