Jumapili Aliyopokea Mwenyewe

Siku hizi simu za ndugu hupokelewa na mashine ya mezani, inayoongea kwa sauti yako na kujibu kama wewe. Jumapili moja Mzee Lwitiko, mwandishi mstaafu wa programu za kompyuta anayeishi peke yake Tukuyu, aliizima yake akapokea mwenyewe simu ya binti yake, Tumpe.

Tumpe alisifu filamu aliyoitazama juzi. Mzee akasema ameiona, nayo inachosha. Kisha akarukia Biblia, akasema hajawahi kuelewa Ayubu aliridhikaje na watoto wapya baada ya wale wa kwanza kufa.

Tumpe akauliza, "Baba, ni wewe mwenyewe?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Samahani. Nimezoea ile mashine. Tunaongea kila wiki, na huwa hatubishani."

"Kwani sisi tulikuwa tunabishana?"

"Kila mara, Baba. Mpaka nikaacha kupiga."

Mzee aligeukia meza. Akaiwasha mashine iendelee na simu, akatoka kukaa barazani. Kupitia dirishani akaisikia sauti yake mwenyewe ikiisifu ile filamu, na binti yake akicheka kama alivyocheka utotoni.