Nafasi Moja Kwenye Gari la Lusaka

Nesi Eneless alimpima Dan mara tatu, na mara zote tatu kibao cha ukutani kikatua pale pale: mita moja na sentimita ishirini na tisa.

"Vaa viatu," akasema, kisha akamgeukia Pierrette. "Mama yake, mungoje pale."

Pierrette akarudi kwenye benchi. Walikuwa wametoka kwenye makao ya wakimbizi alfajiri, juu ya gari la mihogo, lakini uchovu wake, jamani, haukuanzia safari hiyo. Ulianza miaka minane nyuma, siku boti ilipowashusha upande huu wa ziwa, naye akaanza kuitwa Mama Dan.

Dan akaketi ubavuni pake. Shati lake na gauni la Pierrette vilikatwa kwenye kitenge kimoja. Kwao ndivyo ilivyotakiwa, na kila alipopata kitambaa alikigawa hivyo. Pierrette akavunja andazi katikati, akampa nusu. Dan akazikagua nusu zote mbili.

"Yako iko kubwa, Pierrette."

"Kula."

Jirani yao wa benchi, Jeanine, aliyempakata binti yake Chouchou, akaangua kicheko. "Eh, mama! Mutoto anakuita jina? Na anasema sawa muzee wa kanisa!"

"Na weye unachunguza sawa polisi wa ku mupaka," Dan akamjibu kwa sauti yake nyembamba.

Benchi zima likacheka. Pierrette hakucheka. Alimwona Dan akikandamiza paji la uso kwa kiganja, kama alivyofanya kila asubuhi tangu mvua zikatike.

Daktari Mwamba alikuwa amekuja kutoka Lusaka kwa siku moja tu. Alikulia Kashikishi, kando ya ziwa, akiwauzia Wakongo samaki, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Aliyatazama madoa ya kahawia mgongoni mwa Dan, akavigusa vinundu laini vya shingoni.

"Huu ugonjwa mutu anazaliwa nao," alisema. "Unaotesha vivimbe ku mishipa ya fahamu. Kimoja kikiota mu kichwa, kinafinya ile tezi inaamuru mwili kukua. Kuna wenye mwili unakimbia. Chouchou pale inje iko na miaka sita tu, na mwili wake umeanza kukomaa. Kuna wenye mwili unalala."

Akaifungua kadi yao ya ukimbizi.

"Dan, miaka kumi na tano. Amechelewa, lakini mvulana wa kumi na tano anaweza kuchelewa bure tu. Gari yangu iko na nafasi moja ya kwenda kupiga picha ya kichwa. Nitamupa Chouchou. Dan angoje mwaka inakuya, tuone kama atakua mwenyewe."

"Kichwa kinamuuma kila asubuhi, dokta."

"Vichwa vinauma benchi yote, mama."

Pierrette akaitazama ile kadi. Aliitunza ndani ya plastiki miaka yote hiyo. Ndiyo iliyowapa shamba, ndiyo iliyowapa nyumba ya udongo, na atakayegunduliwa kuwa na uongo ndani yake huenda akafutwa na kuanza upya kama siku ya boti. Akavuta pumzi. Alikuwa amechoka, kichwani mwake hata hofu ilikuwa imechoka.

"Dokta, hiyo miaka kumi na tano si ya kweli."

Kalamu ya daktari ikasimama.

"Pale Kenani, siku ya kutuandikisha wakimbizi, karani alimuangalia urefu, akaandika miaka saba. Mimi nikanyamaza. Niliogopa watatutenganisha."

"Kumbe alikuwa na ngapi?"

"Kumi na tano."

Daktari akahesabu kwa vidole, polepole, midomo ikicheza. Kisha akamtazama Dan upya, toka utosini hadi kwenye soli za viatu.

"Makumi mbili na tatu," akanong'ona. "Huyu hakuchelewa. Huyu amezuiwa."

Akalikata jina la Chouchou kwenye karatasi ya gari, akaandika la Dan, na mbele ya la Chouchou akaandika mwezi ujao. Aliyafanya hayo bila kuinua macho, kama mtu asiyetaka kuulizwa. Pierrette akaegemea ukuta.

Ndipo daktari akarudi kwenye kadi, akaweka kidole kwenye mstari wa pili, akakunja uso.

"Lakini mama, wewe hapa uko na makumi tatu. Ulimuzala na miaka saba?"

Pierrette akamgeukia Dan.

Dan alikuwa anafunga vifungo vya shati. Akamaliza cha mwisho kwanza.

"Hakunizala, dokta," akasema. "Hiyo makumi tatu pia si ya kweli. Tulizaliwa siku moja. Mukubwa ni mimi."