Gitaa Jekundu

Kidole gumba cha Widad kilisimama ghafla nyuma ya shingo ya gitaa.

Asubuhi nzima alikuwa akichagua gitaa la besi katika duka moja la ala zilizotumika mjini Orani, Aljeria, kwani lake lilikuwa limeibwa harusini bendi ilipokuwa ikila kuskusi. La kwanza lilikuwa na shingo nene kama mchi. La pili, vyuma vya shingoni mwake vilimkwaruza vidole. Hili la tatu, jekundu, liliteleza mkononi bila kumsumbua hata kidogo.

"Unaisikia raha hiyo, dada?" mwenye duka alisema. "Limetoka Ufaransa. Kwa bei hii ni kama nakupa zawadi."

Chini ya rangi mpya, kidole chake kilikuwa kimetua kwenye kibonyeo, kishimo kidogo kwenye mbao. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe kwa msasa kwenye gitaa lake lililoibwa, maana vidole vyake vifupi vilikuwa havifiki vizuri kwenye uzi mnene.

"Ufaransa?" aliuliza.

"Wallahi! Mzee mmoja alilitunza kama yai."

"Usimtaje Mungu hapa! Kibonyeo hiki nimekichonga mimi, jikoni kwa mama yangu. Yaani unalipaka rangi gitaa langu, halafu unaniuzia mimi mwenyewe?"

"Dada, punguza sauti. Kuna wateja."

Widad alijivika mkanda begani, akachomeka waya kwenye spika kubwa, akafungulia sauti hadi mwisho.

"Wasikie," alisema. "Na polisi uwaite wewe mwenyewe."

Akaupiga uzi mnene, na vioo vya dirisha vikatetemeka.